Kufungua, Usajili na Bure: Maneno Mepesi Yenye Hasara

Istilahi ngumu mara nyingi hazidhuru. Msomaji akikutana nazo husita, huuliza, au hufungua kamusi. Zinazodhuru ni zile nyepesi, ambazo kila mtu anadhani anazijua. Katika makala haya napenda kuyahakiki maneno machache ya namna hiyo yanayotumika katika miongozo, barua za ofisi na matangazo ya zabuni yanayohusu programu za kompyuta za kuchorea, hasa zile zenye bei ambayo shule au halmashauri yaweza kuimudu. Mfasiri akiyatumia ovyo, mkuu wa ofisi atalipia kitu asichokihitaji, au atakataa kile ambacho kingemfaa.

Kwanza yatupasa kukubaliana juu ya kitu chenyewe. Kompyuta huhifadhi picha kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya vitone: picha iliyopigwa kwa kamera ni vitone vingi vya rangi vilivyopangwa kwa safu, na ukiikuza kupita kiasi vitone hivyo huonekana na kingo hukwaruzika. Njia ya pili haihifadhi vitone, bali huhifadhi vipimo: mstari waanzia wapi, waishia wapi, wapinda kwa kiasi gani, na eneo unalolizunguka limepakwa rangi gani. Hisabati ya mapindo hayo ilikuzwa Ufaransa katika viwanda vya magari, na Pierre Bézier wa Renault pamoja na Paul de Casteljau wa Citroën, waliotaka kuyaeleza maumbo ya magari kwa hesabu. Maadamu kinachohifadhiwa ni vipimo, nembo ile ile yaweza kuchapwa juu ya kalamu au juu ya ubao wa barabarani, nayo isipungukiwe na kitu.

Aina hii ya pili huitwa mchoro wa vekta. Mwalimu wa hisabati atapinga, kwa kuwa katika somo lake vekta ni kiasi chenye ukubwa na mwelekeo, nacho huchorwa kama mshale. Pingamizi hilo lina haki, lakini sioni faida ya kubuni neno jipya, maana ukoo wa maana hizo mbili bado unaonekana. Ninalolikataa ni "picha ya vekta". Kiswahili tayari kinatofautisha picha na mchoro, na tofauti hiyo ndiyo tunayoihitaji hapa. Shule moja niliyopata kuisaidia iliombwa na mpiga chapa ipeleke "picha ya nembo" kwa ajili ya bango la mahafali. Karani akaipiga picha nembo iliyobandikwa ukutani, akaipeleka. Bango lilipotoka, mwenge uliokuwa katikati ya nembo ulifanana na kichaka. Karani hakukosea, kwani alipeleka kile alichoombwa. Mpiga chapa angeandika "mchoro wa vekta wa nembo", karani asingeelewa, angeuliza, na swali hilo lingeokoa fedha ya bango.

Sasa nije kwenye kufungua. Matangazo mengi hudai "programu yenye uwezo wa kufungua mafaili ya AI na CDR". Haya ni mafaili ya Adobe Illustrator, iliyotolewa mwaka 1987, na CorelDRAW, iliyotolewa mwaka 1989. Wapiga chapa wengi hutumia mojawapo ya hizo. Mwenye programu nyingine, kwa mfano Inkscape, akiambiwa kwamba programu yake "inafungua" faili la AI, huamini kwamba atalipata kama mchoraji alivyoliacha. Ukweli ni kwamba tangu toleo la 9 la mwaka 2000, faili la AI laweza kubeba ndani yake nakala ya PDF pamoja na sehemu inayosomeka kwa Illustrator tu. Programu za nje aghalabu huisoma ile nakala. Mistari na rangi hufika salama, lakini matabaka aliyoyapanga mchoraji huenda yakavurugika, na aya ya maandishi huweza kukatika vipande vipande, kila mstari peke yake. Endapo mchoraji alihifadhi faili bila nakala hiyo, anayelifungua hukuta ukurasa wenye maelezo tu kwamba hakuna kitu cha kusomeka.

Kuliita tendo hilo kufungua ni kumdanganya msomaji. Napendekeza tutenge maneno matatu. Programu inaonyesha faili pale inapoliweka machoni tu. Inaliingiza pale inapolisoma na kuligeuza liwe la aina yake, kwa hasara kubwa au ndogo. Inalifungua pale tu inapoweza kulibadili na kulihifadhi tena katika aina ile ile bila kupoteza kitu. Kwa kipimo hiki Inkscape hufungua SVG, lakini huingiza AI na CDR. LibreOffice Draw nayo huingiza CDR. SVG ni utaratibu uliotangazwa hadharani mwaka 2001 na shirika linaloratibu kanuni za wavuti, W3C, wala si siri ya kampuni yoyote. Watumishi walioajiriwa kutunza nembo na ramani za serikali wangefaidika sana kuijua tofauti hii kabla ya kuwapokea wachuuzi.

Usajili ndilo neno linalonikera zaidi. Awali mtu aliweza kuinunua Illustrator mara moja ikawa yake kuitumia. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa malipo ya kila mwezi au mwaka tu, na mlipaji akiacha kulipa, programu hukoma. Wafasiri wakauita utaratibu huu "usajili". Lakini Mswahili akisikia usajili hufikiri juu ya vizazi na vifo, magari, au mchezaji aliyehamia klabu nyingine: jambo linalofanyika mara moja, likaandikwa kitabuni, likaisha. Mhasibu anayesoma "gharama ya usajili wa programu" ataitengea fungu la mwaka mmoja. Mwaka wa pili kompyuta itamfungia mlango, na michoro yote ya ofisi imo ndani.

Lugha ina neno tayari. Gari hukodiwa, mashua hukodiwa, viti vya harusi hukodiwa, na hakuna anayeshangaa vinaporudishwa. Basi tuseme programu ya kukodi, na malipo yake yaitwe ada ya kukodi. Kuna waliopendekeza kupanga, kwa mfano wa nyumba. Silikubali, maana "kupanga programu" tayari husikika kama kuiandika au kuiratibu.

Lililobaki ni bei. Wengi huandika "programu rahisi", na msomaji hawezi kujua kama ni ya bei ndogo au nyepesi kujifunza. Sifa hizi mbili si lazima zifuatane. Inkscape haitozwi senti, lakini anayeanza atatoka jasho wiki kadhaa. Yafaa tuseme bei nafuu tunaposema habari ya fedha, na rahisi tuliachie wepesi wa kutumia.

Bure lina mtego wake. Kwanza, lina harufu ya kitu kisicho na thamani. Tunasema kazi bure, na tunamwita fulani mtu bure. Pili, na hili ni zito zaidi, linachanganywa na huria. Inkscape, iliyozaliwa mwaka 2003 kutoka katika programu iliyoitwa Sodipodi, ni huria: yeyote aruhusiwa kuichunguza ilivyoandikwa, kuibadili na kuigawa. Affinity Designer, iliyotoka mwaka 2014, iliuzwa kwa miaka mingi kwa malipo ya mara moja. Mwaka 2024 kampuni yake ilinunuliwa na Canva, na mwishoni mwa mwaka 2025 programu ikaanza kutolewa bila malipo kwa mwenye akaunti ya Canva. Hiyo haina bei, lakini si huria. Aliyeitoa bila malipo ana uwezo wa kubadili masharti yake.

Wapo wanaodai kwamba huria halitaeleweka. Nawakumbusha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho wanafunzi wake hulipa ada, wala hakuna aliyepata kudai kwamba jina limemdanganya. Nawakumbusha pia kwamba mwaka 2004 Jambo OpenOffice ilitoka katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikiwa na amri zake kwa Kiswahili. Watafsiri wale hawakuhitaji kumwomba mwenye mali ruhusa, kwa sababu programu waliyoitafsiri ilikuwa huria. Ingekuwa ya bure tu, wangekuwa na kibali cha kuitumia kwa Kiingereza.

Kuhariri, ambalo baadhi ya wenzangu hulikataa kwa michoro kwa kuwa lilizoeleka katika maandishi, sioni ubaya wake. Mhariri wa gazeti na mhariri wa nembo wote wawili husahihisha kazi iliyokwisha kuwapo.

Afisa ugavi akiniuliza aandike nini katika tangazo lake, ningemwandikia hivi: "Inatakiwa programu ya kuhariri michoro ya vekta, ya huria au ya kununua mara moja, isiwe ya kukodi, ifungue SVG, iingize AI na CDR, na mzabuni aonyeshe, kwa faili atakalopewa na ofisi, ni mambo gani yanapotea katika kuingiza."