Nimevua Viatu Galula

Jamani, Galula! Nimerudi jana jioni, vumbi la barabara ya Mbalizi bado liko kichwani, na nimeshindwa kulala kabla ya kuandika. Nimeona mazulia! Si yale ya kiwandani yanayopitishwa mitaani begani. Haya yamevutwa kwa mkono juu ya gunia, kitanzi baada ya kitanzi.

Onyesho lenyewe ni chumba kimoja, kamba mbili za kuanikia nguo na vibanio. Lakini ukitoka kwenye jua la Bonde la Rukwa ukaingia mle, rangi zinakupokea kabla ya wenyeji. La kwanza kushoto ni shamba la mpunga: kijani kichanga cha miche, kijani kizito, halafu dhahabu ya mavuno, na huoni hata mahali rangi moja inapoiachia nyingine. La pili ni Mto Songwe ukijipinda kwenda Ziwa Rukwa, bluu yake imetoka kwenye sweta la shule lililofumuliwa. La tatu ni jogoo. Huyo jogoo! Mkia wake ni mabaki ya vitenge vya fundi cherehani, na kila unyoya una ua lake.

Nilijikuta nimevua viatu.

“Shikamoo mama,” nikamsalimia mwenye mazulia.

“Marahaba mwanangu. Mbona peku?”

Nikasema naogopa kuyachafua. Akalitandika moja sakafuni. “Kanyaga. Zulia lisipokanyagwa litajuaje kazi yake?”

Nikakanyaga. Nyayo zikazama kidogo, kisha vitanzi vikazisukuma juu, kama kutembea juu ya majani baada ya mvua. Nililivuta pembeni, nikalipiga, nikalikunja kwa nguvu. Hakuna kitanzi kilichochomoka, na hakuna fundo hata moja!

Siri ni hii. Gunia linawambwa kwenye fremu ya mbao kama ngozi ya ngoma. Fulana ya mtumba iliyochakaa inakatwa mikanda myembamba. Mkono wa kushoto unashika mkanda chini ya gunia. Wa kulia unapenyeza kulabu kutoka juu, unanasa mkanda, unaupandisha. Tundu linalofuata, tena. Vitanzi vinabanana vyenyewe kwa wenyewe, na huko kubanana ndiko kunakolishika zulia zima. Kulabu ya mama yule ni spoku ya baiskeli iliyopindwa ncha na kuvikwa mpini wa mti. Nilijaribu safu moja. Vitanzi vyangu vilitoka virefu kwa vifupi, na hapo ndipo nikaelewa ule usawa uliokuwa kwenye kamba ni kazi ya namna gani.

Dunia inaijua kazi hii. Nchini Kanada na kaskazini mwa Marekani iliwashika watu katika karne ya 19, magunia ya juti yalipozagaa. Huko Labrador, ambako daktari Mwingereza Wilfred Grenfell alifika mwaka 1892, misheni yake baadaye iliuza mazulia ya wake wa wavuvi kwa niaba yao, na mengine yalivutwa kwa soksi za hariri zilizochanika, zilizotumwa na watu wa mbali. Soksi kule, fulana huku: mikono ileile isiyokubali kwamba kitu kimekwisha. Na bonde hili si geni kwa nyuzi. Watu wa Rukwa walisokota pamba na kufuma nguo zao kwenye kitanda cha mfumi muda mrefu kabla ya vitambaa vya dukani kufika na kuwashinda kwa bei.

Kasoro nimeiona moja. Machache yametengenezwa juu ya mifuko ya salfeti, na kingo zake zinafumuka. Gunia la katani linashika vizuri zaidi. Ukichagua, geuza zulia utazame mgongo wake na upindo wake kwanza. Lenye kitako cha katani na pindo lililoshonwa mara mbili, usiliache!

Mimi nimeacha oda: zulia la dinosaria. Katika miamba ya hapa, ambayo wanasayansi wameipa jina la Galula, yalitoka mabaki ya dinosaria waliyemtangaza mwaka 2019: Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyepewa jina la Kiswahili kwa ajili ya Mto Mtuka na kwa sababu mfupa wa mkia wake una umbo la moyo. Nilipomsimulia mama, alinyamaza, akachukua mkaa, akachora mkia mrefu juu ya gunia tupu. “Moyo ukae wapi, huku?” Nikamwonyesha. Akaingiza mkono kwenye kapu la matambara, akatoa fulana nyekundu, akaanza kuichana mikanda.

Nendeni Galula. Na mkiambiwa mkanyage, kanyageni.