Abunuwasi Mikononi mwa Gado: Kutoka Lugha ya Amri hadi Lugha ya Hoja

Jina la Godfrey Mwampembwa huenda lisiwe na maana kubwa kwa wanafunzi wetu wa Manibe. Wakitajiwa Gado, baadhi yao watakumbuka katuni zilizopamba magazeti ya Nation Media Group kwa zaidi ya miaka 20, likiwamo The EastAfrican ambalo huuzwa pia hapa Uganda. Makala haya hayakusudii kumsifu msanii huyu tu, maana sifa amekwisha kuzipata kwingi. Yanalenga kuhakiki kitabu chake cha katuni kwa Kiswahili, Abunuwasi, na kuuliza kinamfaa nini mwalimu wa Kiswahili katika eneo letu la West Nile.

Gado alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Alianza kuchora magazetini angali kijana, kisha akaingia Chuo cha Ardhi kusomea usanifu wa majengo. Masomo hayo hakuyamaliza. Mwaka 1992 alihamia Nairobi kulichorea Nation. Mwaka 1996 Sasa Sema, kampuni ya Nairobi iliyojishughulisha na vitabu vya katuni, ilimchapishia Abunuwasi. Mwaka 2007 alipata Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi, na mwaka 2009 akawa miongoni mwa waanzilishi wa The XYZ Show, kipindi cha televisheni kinachowakejeli wanasiasa kwa kutumia vikaragosi. Ieleweke kwamba hakuanza shambani pasipolimwa. Nchini Kenya, Edward Gitau alikuwa amekwisha kuwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miaka mingi kupitia Juha Kalulu, na Dar es Salaam kulikuwa na jarida la Sani.

Abunuwasi mwenyewe ni mgeni aliyegeuka mwenyeji. Abu Nuwas wa kihistoria alikuwa mshairi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid. Alipovuka bahari na kufika pwani yetu, ushairi aliuacha njiani akabaki na ujanja. Katika hekaya za Kiswahili yeye ni mtu asiye na mali wala askari. Silaha yake ni kuyachukua maneno ya mwenye nguvu, kuyakubali kikamilifu, kisha kumrudishia.

Tuchukue kisa cha sufuria, kinachojulikana kote Uswahilini. Abunuwasi anaazima sufuria ya jirani na kuirudisha pamoja na kisufuria, akidai kwamba ile kubwa imezaa. Jirani anafurahi na kupokea. Anaiazima tena, na safari hii harudishi kitu: sufuria imefariki. Jirani akilalamika kwamba chombo hakifi, jibu liko tayari. Aliyekubali uzazi hawezi kukataa mauti.

Kichekesho hiki hakiwezi kuelezwa kwa mchoro mmoja. Kinahitaji hatua: kuazima, kurudisha, kuazima tena, kukana. Kila hatua lazima msomaji aione na kuikubali kabla ya kufikia inayofuata, la sivyo mtego haufyatuki. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu cha katuni, ambacho hupanga visanduku kimoja baada ya kingine kama hoja inavyopangwa. Katuni ya gazetini ni kisanduku kimoja na huonyesha mwisho tu. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, Abunuwasi ndiyo kazi inayotuonyesha Gado akiwa msimulizi, ilhali gazetini tunamwona zaidi kama mpiga mishale.

Hata hivyo kazi hizi mbili zina mzizi mmoja. Kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilipokuwa zikiendelea, Gado aliwachora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiburuta minyororo yenye matufe ya chuma. Hakuongeza tuhuma mpya. Alichukua lililokuwa likijulikana na wote, akalifunga miguuni mwao. Huo ndio ufundi wa Abunuwasi. Nao una gharama. Januari 2015 serikali ya Tanzania ililipiga marufuku The EastAfrican kwa hoja ya usajili, siku chache baada ya katuni ya Gado kumhusu Rais Jakaya Kikwete kuwaudhi wakubwa. Mwaka huohuo Gado alienda likizo ya mwaka mzima, na mwaka 2016 mkataba wake na Nation haukuendelezwa.

Jambo hili linatuhusu vipi sisi wa Arua na Koboko? Kiswahili kilitufikia kwa njia nyingi, zikiwamo biashara na jirani zetu wa Kongo. Lakini njia iliyobaki zaidi katika kumbukumbu za Waganda ni ya kambi ya jeshi. Idi Amin, ambaye ukoo wake una asili ya Koboko, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa wengi, lugha hii ikawa sauti ya mwenye bunduki: simama, lala chini, toa kitambulisho. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Maagizo hayo ni mema, lakini nayo ni amri. Mwanafunzi asiyewahi kusikia Kiswahili cha mnyonge akimshinda Sultani kwa hoja atazidi kuamini kwamba lugha hii ni ya wenye nguvu tu.

Pamoja na hayo, kasoro zipo. Kwanza, Sultani wa hekaya yuko mbali nasi kwa karne nyingi, na msomaji mvivu atacheka kisha akafunga kitabu bila kumwona sultani yeyote wa karibu. Pili, katuni za Gado zilizowatikisa watawala zilitoka hasa katika magazeti ya Kiingereza. Hata mkusanyo wake mmoja unaitwa Democrazy!, mchezo wa maneno usiotafsirika kwa Kiswahili. Inasikitisha kwamba mzaliwa wa Dar es Salaam alikitumia Kiswahili kwa Sultani wa kale, na Kiingereza kwa masultani wa leo.

Pengo hilo linaweza kuzibwa darasani. Napendekeza walimu wenzangu wafunike maneno yaliyomo katika viputo, kisha wanafunzi wayatunge upya kwa kuitazama michoro. Kiputo ni kidogo, kwa hiyo sentensi itakuwa fupi na kosa la upatanisho wa kisarufi litaonekana mara moja. Baada ya hapo wachore kisa cha kwao: mpangaji na mwenye nyumba, au mchuuzi na mtoza ushuru wa soko la Arua. Sharti liwe moja: mnyonge ashinde kwa maneno ya mpinzani wake mwenyewe, na ashinde kwa Kiswahili.