Zima Picha, Msikilize Majuto

Bibi yangu anaishi Pongwe, hatua chache kutoka barabara ya Segera kwenda Tanga mjini, mahali ambapo malori ya saruji hupita usiku na mchana. Macho yake yana mtoto wa jicho. Anaona mwanga na vivuli tu, na mtu akiingia mlangoni anamtambua kwa namna anavyoburuta ndara. Kila ninapofika likizo kutoka chuoni nampa shikamoo kabla sijatua begi, na jibu lake ni lilelile.

"Marahaba, mume wangu. Hebu niwekee Majuto."

Sebuleni kuna TV ya chogo, deki, na mfuko wa rambo uliojaa sidii zilizopoteza makava. Nachomeka, nasubiri, picha inatokea. Bibi anakaa kwenye mkeka, ameipa runinga ubavu, maana hana sababu ya kuitazama. Na anacheka. Anacheka mahali pale pale ninapocheka mimi, na mara nyingine ananitangulia, kwa sababu mimi nimeshughulika na kanzu ya mzee na macho yake yaliyotoka pima, wakati yeye ameshasikia kwamba uongo unakuja.

Likizo ya mwaka jana nilifanya jambo nililopaswa kulifanya zamani. Niligeuza runinga ikatazama ukuta, nikakaa naye mkekani.

Amri Athumani, yaani King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na akafia Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Kati ya miaka hiyo alipita jukwaani, kwenye kanda, kwenye sidii za vichekesho, kwenye filamu za Bongo na kwenye matangazo ya biashara. Alipofariki, magazeti yalimwita mchekeshaji, nguli, mfalme. Sina ugomvi na maneno hayo, ila naona hayasemi alichokuwa akikifanya. Karibu kila aliyemwandika alimwandikia uso: zile ndita, ule mdomo, lile jicho la pembeni. Nami nimekuja kuamini kwamba uso ulikuwa msaidizi. Kazi aliifanya kooni.

Ukimsikiliza bila picha, jambo la kwanza unalogundua ni kwamba sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu aliyeamka sasa hivi au aliyegombana usiku kucha, na wala hakujaribu kuilainisha. Aliigawa. Mzee bahili anapomjibu mke wake, anasema kwa koo la chini, maneno mafupi, kama mtu anayehesabu chenji. Aingie binti mrembo, koo lile lile linapanda, linapata asali, silabi zinarefuka. Mke akirudi ghafla, hashuki ngazi kwa ngazi. Anakatika katikati ya neno, ananyamaza, kisha anaanza upya na sauti ya tatu kabisa, ya shehe anayetoa nasaha. Kile kimya cha katikati ndicho bibi anachokicheka. Mchekeshaji mwoga hujaza kimya kwa kelele au kwa kujiangusha chini. Majuto alikiacha kikae mpaka msikilizaji amalizie mwenyewe.

Jambo la pili ni lafudhi. Bibi hakuniambia kwa lugha ya kitaaluma. Alisema tu, "Huyu hasemi kama watu wa redioni. Huyu asema kama marehemu babu yako akidaiwa." Ni lafudhi ya pwani yetu ya kaskazini, inayovuta silabi mpaka sentensi inakaribia kuwa wimbo, halafu inaitupa mwishoni kama aliyechoka nayo. Majuto aliibeba hadi Dar es Salaam na hakuibadilisha kwa ajili ya yeyote. Akiwa katika filamu ya jumba la kifahari, na sebule ya vioo, na waigizaji wanaochanganya Kiingereza ili waonekane wa mjini, yeye anaongea kama yuko barazani Msambweni. Matokeo yake wenye jumba ndio wanaoonekana wageni.

Hapa inafaa kumweka pembeni mwa mzee mwingine aliyetawala runinga za ukanda huu. Watu wa rika la baba yangu husimulia walivyoinua antena juu ya miti ili kunasa vituo vya Kenya, na waliyekuwa wakimtafuta ni Mzee Ojwang wa Vitimbi. Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang mpaka jina lake mwenyewe likazama, na aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Ile sauti ya Kijaluo iliyowachekesha Wakenya kwa miongo ilikuwa ya kuazima. Aliivaa kama koti, kila kipindi, bila kulikosea kifungo. Ni ustadi mkubwa, na una hatari yake, maana kabila la watu likigeuka koti la kuchekesha, wenye koti wanaweza wasicheke. Nadhani Wanjau alinusurika kwa sababu Ojwang wake hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mwenye hadhi anayejaribu kuilinda. Majuto alienda njia ya pili. Hakuazima. Alichukua kilichokuwa mdomoni mwake tangu utotoni akakikuza kidogo tu. Inaonekana rahisi, na ndiyo maana hakuna aliyemsifu kwa hilo. Jaribu kurekodi sauti yako mwenyewe ukisema uongo kwa lafudhi ya nyumbani kwenu, kisha uisikilize.

Si kila alichotengeneza kilikuwa kizuri. Alifanya kazi nyingi mno, kwa haraka mno, na nyingine utazijua mwisho wake dakika ya tano. Utani juu ya wanawake umechakaa, na kuna sidii moja ambayo bibi hunitaka niitoe kwa sababu, asemavyo, "hapo amekosa adabu." Siandiki haya ili nimtawaze. Nayaandika kwa sababu mwalimu mmoja aliniambia vichekesho vya sidii si mada ya shahada ya uzamili, nikakosa jibu siku ile.

Jibu lingine nililipata kwa kijana wa Muheza. Ukitoka Pongwe kurudi Segera, Muheza ndiyo mji unaofuata, na huko ndiko alikotoka Hussein Mkieti, Sharo Milionea, aliyeigiza na Majuto katika kazi kadhaa. Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 26 Novemba 2012, akiwa njiani kurudi nyumbani. Sharo alikuwa kinyume cha mzee kwa kila kitu: mbio, madoido, maneno ya Kiingereza yaliyobanwa puani, sauti ya kijana anayetaka kila mtu ajue amenunua viatu. Wakiwa pamoja, utamu hauko kwenye hadithi. Uko kwenye mapigo. Sharo anapiga haraka haraka kama kete za bao zikimwagwa, Majuto anasubiri, anasubiri, kisha anadondosha neno moja zito. Bila picha, unasikia watu wawili wa mkoa mmoja wakibishana juu ya namna ya kuongea: mmoja ameamua kuibeba Tanga mjini, mwingine ameamua kujifanya haijui. Hilo ni suala la lugha na tabaka, kama lipo suala la lugha na tabaka. Ninge­penda kulirudishia mlangoni kwa yule mwalimu.

Bibi hakuanza na sidii. Alianza na redio, na masikio yake yalifunzwa huko. Anawataja Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania kama watu aliowahi kukaa nao jirani. Anamkumbuka zaidi Mkwaju, dereva wa lori wa Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa mwaka 1993 kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI. Wataalamu waliupima mchezo ule kwa makini sana, kiasi kwamba wasikilizaji wa Dodoma walinyimwa kwa miaka miwili ili walinganishwe na wengine. Sisi wa kandokando ya barabara ya malori hatukuhitaji kupimwa. Bibi anasema wanawake walimlaani Mkwaju kisimani na kumwonea huruma Tunu, mke wake, kama mtoto wa shoga yao. Nilimuuliza nani alimwigiza Mkwaju. Alinishangaa. "Mkwaju ni Mkwaju."

Hiyo ndiyo sifa kuu ya mwigizaji wa sauti, na ndiyo hasara yake. Akiiweza kazi, anatoweka.

Majuto hakutoweka. Jina lake lilijulikana kuanzia Tanga hadi Kigoma, na bado halikumfaa inavyotakiwa. Mwaka 2018, alipokuwa mgonjwa, mikataba yake ya kazi na matangazo ikawa habari ya taifa, na waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati ule, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia. Watu walizungumza kana kwamba tatizo ni mzee mmoja aliyesaini bila kusoma. Lakini tatizo lina umri mkubwa kuliko sidii. Mkataba wa Kimataifa wa Roma wa mwaka 1961, unaolinda waigizaji na wanamuziki, una kifungu cha 19 kinachosema kwamba mwigizaji akishakubali kazi yake iingie kwenye rekodi ya picha, ulinzi aliopewa na mkataba unakoma hapo. Kamera ikiwaka, umeshauza. Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012 ulikuja kulirekebisha hilo, na ulianza kutumika mwaka 2020, miaka miwili baada ya Majuto kuzikwa. Sheria yetu ya mwaka 1999 ina neno zuri, hakishiriki, yaani haki ya yule anayeifanya kazi ya mwingine iwe hai. Ni neno ambalo wasanii wengi ninaozungumza nao hawajawahi kulisikia.

Siku hizi nikiwa sijafika, bibi huwekewa tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Anamjua Sultan, anajua fitina za ikulu, anajua nani atatiwa sumu. Biashara hii ya kuingiza sauti imekua mbele ya macho yetu. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, na ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Aliitaja tamthilia. Vijana waliompa Doudou Kiswahili chake hawakuwa sehemu ya hadithi ile.

Kama mhakiki nina lalamiko. Sauti hizi ni safi, zimefunzwa, na zote zinatoka mahali pamoja pasipo na jina. Mpishi wa ikulu na mama wa Sultan wanaongea Kiswahili kimoja, cha studio, kama wamesoma taarifa ya habari darasa moja. Sidhani kosa ni la waigizaji. Mtu akipewa maandishi, muda mfupi, na midomo ya Kituruki aifukuzie, hapati nafasi ya kukaa kimya. Kimya cha Majuto hakiwezekani hapo, maana mdomo wa Mturuki unaendelea kucheza. Ila lafudhi inawezekana. Kwa nini mpishi asiwe wa Pangani? Kwa nini mfanyabiashara asitoke Unguja, na askari asitoke Musoma?

Aliyewahi kujibu swali hilo, kwa fujo zake, ni Lufufu. Derek Gaspar Mukandala alizifanya filamu za nje kuwa zetu kwa kuzisimulia juu kwa juu, sauti moja kwa wahusika wote, wanaume kwa wanawake, na maoni yake akayachomeka katikati. Hata Titanic ilipita mdomoni mwake, na Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, ameandika juu yake kwa heshima ambayo sisi wenyewe hatukumpa. Wasomi wetu waliona makelele ya vibanda umiza. Mimi nikiwa mtoto niliona mtu anayejitaja jina lake mwanzoni mwa filamu asiyoitengeneza, na sikuona ajabu yoyote. Leo naona lilikuwa jambo la maana sana. Katika kazi yote ya sauti niliyokulia, alikuwa miongoni mwa wachache waliosema: anayesema nawe ni mimi.

Majuto amezikwa Kiruku, huku huku Tanga. Nilikwenda siku moja nikidhani nitapata cha kuandika, nikarudi na vumbi la miguuni tu. Kazi yenyewe ilikuwa nyumbani, kwenye mfuko wa rambo. Nilikuwa nimeanza kutengeneza orodha ya sidii za bibi kwa ajili ya tasnifu: jina, mwaka, walioigiza. Safu ya jina ilijaa nusu. Safu ya mwaka karibu tupu. Walioigiza, niliandika niliowatambua kwa sura, na bibi akaniongezea wawili aliowatambua kwa kikohozi.

Mwezi uliopita deki ikaimeza sidii moja na kuikwaruza. Nilizikusanya zote nikampelekea fundi wa pale stendi ya Pongwe, kijana wa umri wangu, azihamishie kwenye flashi kabla hazijafa. Alizihamisha kumi na nne, sita zikagoma. Nilimuuliza hizo sita ni zipi. Aliziweka mezani, zote nyeupe, hazina maandishi. Nilipofungua flashi nyumbani, mafaili yalikuwa yameandikwa MAJUTO 1 mpaka MAJUTO 14. Nilimchezea bibi ya saba. Alisikiliza kidogo, akasema hiyo anaikumbuka, ila jina lake limemtoka.