Nukta Moja Haimtoshi Mkulima wa Bondeni

Programu za kupanga usalama wa nyuklia humuuliza mtumiaji swali linaloonekana jepesi: uko wapi? Akishaingiza nyumbani, kazini na shuleni kwa watoto, programu hupima umbali wa kila mahali kutoka kwenye kinu, huangalia upepo unakoelekea, kisha humshauri ajifungie ndani au ahame. Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia, lakini kazi ya kumwekea mtu eneo lake ndani ya kompyuta inafahamika wilayani Rufiji tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kata ya Umwe ilikuwamo. Kazi hiyo, kwa ubora wake wote, inaonyesha kwamba kwa mpango wa usalama haitoshi kujua mtu ameandikishwa wapi. Lazima ijulikane yuko wapi katika kila majira.

Mfumo wa kufuatilia afya na idadi ya watu Rufiji ulianza Novemba 1998 chini ya mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la IDRC la Kanada, na baadaye ukawa mikononi mwa Taasisi ya Afya Ifakara. Ulihusu vijiji 31 katika kata za Bungu, Mchukwi, Kibiti, Mgomba, Umwe na Ikwiriri. Kila kaya ilipewa namba, viwianishi vya GPS vikachukuliwa, na wadadisi wakawa wanarudi kila baada ya miezi minne kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia na nani kahama. Taarifa ziliingizwa kwenye programu ya HRS iliyobuniwa na Population Council. Humo mtu alifungwa kwenye kaya, na kaya kwenye kijiji. Mgeni hakuhesabiwa mkazi mpaka atimize miezi minne. Kwa lengo lake, kanuni hiyo ni sahihi: anayetafuta kiwango cha vifo anataka kila mtu ahesabiwe mara moja, mahali pamoja.

Usalama una mahitaji mengine. Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969 iliwatoa watu bondeni baada ya mafuriko na kuwapeleka kwenye vijiji vya mwinuko, lakini mashamba yalibaki kule kule kwenye rutuba. Ndiyo maana mkulima wa mpunga huhamia kwenye dungu, yaani kibanda cha shambani, wakati mwingine na familia yake, kulinda mazao dhidi ya wanyama, na maji yakipungua hulima tena kilimo cha mlau. Daftari linasema yuko mwinuko, naye analala bondeni. Mvua za El Niño zilipojaza mto mwaka 2024, na bwawa la Julius Nyerere likalazimika kufungulia maji, mafuriko yalifunika mashamba na makazi Rufiji na Kibiti. Programu yenye nukta ya nyumba ya kijijini pekee ingemtuliza mtu aliyepaswa kuondoka haraka. Anwani za makazi zilizowekwa nchini mwaka 2022 zina faida kubwa, ila nazo zimefungwa kwenye majengo na barabara.

Japani ilionja kasoro ya namna hiyo kwenye nyuklia yenyewe. Machi 2011, baada ya ajali ya Fukushima, watu wengi wa mji wa Namie walikimbilia Tsushima, mbali zaidi na kinu, na kwa kigezo cha duara la kilomita 20 walikuwa wameokoka. Upepo ukavuma kuelekea kaskazini-magharibi na kuwafikishia mionzi huko huko, huku makadirio ya kusambaa kwa mionzi ya mfumo wa kompyuta wa SPEEDI yakiwa hayajawafikia. Mpango uliwajua kwa walikotoka, haukuwajua kwa walikofika. Hatari ikipitia kwenye maji, orodha ya mahali pa kuandikisha hubadilika tena: mto Mkuju, penye mradi wa urani wilayani Namtumbo, maji yake hufika Rufiji kupitia mto Luwegu, hivyo kwa mtu wa chini ya mto mahali anapochota maji pana uzito kuliko kitanda chake.

Wapo watakaosema simu inajua mwenye nayo alipo, basi kuandikisha ni kazi bure. Lakini simu huzimika chaji, mtandao hukatika, na mtoto aliye dunguni hana simu. Isitoshe, simu hueleza ya sasa tu, ilhali mpangaji wa mitumbwi na makambi anahitaji kujua kabla ya masika watu wangapi watakuwa bondeni. Pingamizi la faragha ni zito zaidi, kwa kuwa orodha ya mahali mtu analala ni silaha mikononi mwa mwenye nia mbaya. Jibu lake ni kukusanya machache, kuyaweka kwa kiwango cha kitongoji kama kinatosha, na kuheshimu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Gharama nayo si hoja kubwa: mdadisi akishafika mlangoni, maswali mawili zaidi hayaongezi safari.

Kwa hiyo Idara ya Menejimenti ya Maafa na Tume ya Nguvu za Atomiki, zitakapoandaa mfumo wowote wa tahadhari kwa bonde hili, ziweke angalau sehemu tatu kwa kila kaya: inapolala masika, inapolala kiangazi na inapochota maji. Mfumo usio na nafasi ya dungu haujamjua mkulima wa Umwe.