Sauti ya Mzazi katika Maisha Yangu

Aghalabu Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili hunyofolewa kutoka Maisha Yangu ya Shaaban Robert na kufundishwa kama mawaidha yasiyo na mwenyewe. Unyofoaji huo unaupunja ushairi. Ndani ya tawasifu, nathari hutangulia kusimulia kifo cha Amina, mke wa mwandishi, pamoja na shairi la kumlilia. Ndipo Hati, wosia kwa binti, na Adili, wosia kwa mwana, husikika kama sauti ya mzazi aliyefiwa. Mwana Kupona naye alimuusia bintiye akiwa mgonjwa, yapata 1858. Lawama kwamba Hati inamfunga binti katika utii haifutiki kwa hoja hii. Ila anayelaumiwa ni baba mwenye msiba, si mhubiri.