Moyo wa Mwalimu wa Kandanda

Wengi hudhani kwamba adabu ya timu hutokana na kanuni na adhabu. Mimi naona kwamba hutokana kwanza na moyo wa mwalimu wake. Hebu tumtazame Alf Ramsey, aliyeiongoza Uingereza katika Kombe la Dunia la mwaka 1966.

Tarehe 20 Julai, Nobby Stiles alimwumiza mchezaji wa Ufaransa, na baadhi ya wakuu wa chama wakataka aondolewe. Ramsey hakumtupa. Alimwuliza kama alikusudia. Alipojibu la, alimsadiki, akamtetea. Siku sita baadaye Stiles alipewa kazi ya kumkaba Eusébio wa Ureno, akaifanya kwa subira, na Uingereza ikashinda 2-1. Aliyeaminiwa huona haya kumwaibisha aliyemwamini.

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Tarehe 23, baada ya kuwashinda Waajentina katika mchezo wa ugomvi, Ramsey alimzuia mchezaji wake asibadilishane fulana nao, kisha akawafananisha na wanyama. Hapo alilisahau somo lake mwenyewe, na maneno yale yaliacha uchungu wa miaka mingi.

Katika fainali, Wajerumani waliposawazisha dakika ya 89, Ramsey alitulia. Wachezaji wake nao wakatulia, wakashinda 4-2 katika muda wa nyongeza.

Basi nawe, siku utakapopewa kuongoza timu ya shule, kumbuka ya kwamba wenzako watakutazama uso kabla ya kuyasikiliza maneno yako.