Amekufa, Si Kiti

Mwalimu mmoja mstaafu wa Muheto, huku kwetu Masisi, amebakiwa na juzuu moja tu ya ensiklopedia ya Kifaransa, haina jalada, ni ya herufi D. Nyingine zilipotelea njiani, kila mara watu walipokimbia vita. Ndiyo maana wajukuu wakimjia barazani jioni na madaftari, maneno anayowapa huanza na D.

Siku niliyokuwapo, zamu ilikuwa ya diprotodoni. "Nitungieni sentensi," akasema, akafunga kitabu.

Huyo alikuwa mnyama wa Australia, wa ukoo wa wale wanaobeba watoto mfukoni kama kangaruu, ila yeye alikaribia tani 3. Ng'ombe wa malisho yetu ya Masisi asingemfikia begani. Wamekwisha zamani, yapata miaka 40,000. Jina alipewa na Mwingereza Richard Owen mwaka 1838, kwa Kigiriki, kwa ajili ya meno yake mawili ya mbele.

Mjukuu mwenye simu alimaliza kwanza: "Diprotodoni ni mnyama wa zamani." Mzee akamtazama kama mgeni aliyewekewa mboga bila bugali. "Toa diprotodoni, tia dinosaria. Kuna kilichoharibika?" Hakikuharibika kitu. "Basi hukutunga."

Akachukua chaki mwenyewe. Alianzia topeni, kwa sababu huko Callabonna, ziwa kavu la kusini mwa Australia, mifupa ya wanyama hawa ilifukuliwa mwaka 1893, nao walikuwa wamenasa wakivuka. Akaandika "alizama", akafuta. Kuzama ni kwa maji. Akajaribu "alinasa", akanung'unika kwamba hiyo ni ya panya. Binti mdogo akamsaidia: "Tope ilimshika, nayo ikakufa." Mzee akageuka. "Sema *akafa*. Amekufa, si kwamba amekuwa kiti." Tulicheka, ingawa mimi mwenyewe, nikiwa Goma, husema "ile nyama ilikufa" mchana kutwa. Robo saa hivi ikapita. Mwishowe ubao ukasomeka:

*Tope la Callabonna lilimshika diprotodoni miguu yote minne, na mtoto mfukoni hana habari.*

Hapo huwezi kutia dinosaria. Mama yeyote wa Muheto aliyewahi kuteremka mlima wakati wa mvua, mtoto amelala mgongoni ndani ya kitenge, anamjua mnyama huyo bila kuonyeshwa picha.

Ufundi huu haukuja na shule. Wasimulizi wa Kinyanga kule Walikale walikuwa na Kirimu, dubwana la msituni lenye vichwa saba, nao walimsimulia hata watu wakamwogopa kuliko chui wanayemjua. Leo mtoto anapewa neno, anakariri maana yake, anaweka alama ya vema kwenye kisanduku. Sijui nani alituambia kwamba huko ndiko kujua.

Giza lilipokaribia, mzee aliacha herufi D akawapa neno la nyumbani: sokomutu, yaani sokwe. Hili halikuhitaji kitabu. Utotoni mwake aliwasikia wakipiga kelele kabla hajawaona. Binti mdogo akainama, akaandika kwa uangalifu, upatanisho wote sawasawa:

*Sokomutu alikuwa akilala juu ya mti.*

Mzee alisogeza kalamu nyekundu hadi kwenye "alikuwa". Akaishikilia hapo kitambo. Kisha akaifunika kifuniko chake, akamrudishia daftari.